Ahmad bin Majid: Muallim wa bahari aliyesingiziwa

Ndugu msomaji, kila ninapofundisha historia ya Waislamu wa pwani, hakosekani mwanafunzi wa kuniambia kuwa Muislamu mwenzetu, Ahmad bin Majid, ndiye aliyemwonesha Vasco da Gama njia ya India na kutuletea balaa la Wareno. Tuhuma hii ni nzito. Ni haki basi tumjue mtu huyu kabla ya kumhukumu.

Alizaliwa katika miaka ya 1430 huko Julfar, eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah, Falme za Kiarabu. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa Bahari ya Sham. Baba alitunga utenzi mrefu wa kuwaongoza mabaharia katika bahari hiyo yenye miamba mingi. Mwana, baada ya kupita njia zile mwenyewe, aliusahihisha. Hakukubali neno bila kulipima, hata likiwa la mzazi wake.

Mwaka 866 Hijria (1462) alikamilisha utenzi wake mkubwa wa elimu ya bahari, uitwao Hawiya. Mwaka 895 (1490) akamaliza Kitabul Fawaid, chenye milango 12. Humo alieleza dira, nyota, pwani, misimu ya pepo na sifa za muallim wa chombo. Zama hizo baharia alipima kwa upana wa vidole urefu wa nyota ya Jaha kutoka usawa wa bahari, akajua yuko wapi kati ya kaskazini na kusini. Alitunga pia utenzi wa kutafuta kibla, na mwingine, Sufaliya, unaoeleza njia ya pwani yetu hii hadi Sofala, Msumbiji ya leo. Kwake elimu ya bahari na ibada havikuwa vitu viwili mbalimbali.

Sasa tuitazame tuhuma. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani na mtawala wa mji, na Mei akafika Calicut. Nani alikuwa rubani huyo? Mreno aliyekuwa katika safari ile aliandika kuwa ni Mkristo. Wanahistoria wa Kireno waliofuata wakasema ni Muislamu wa Gujarat, na wakamwita Malemo Cana. Malemo ni muallim tu, yaani cheo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemtaja Ahmad bin Majid, na yeye alikuwa Mwarabu wa Julfar, si mtu wa Gujarat. Isitoshe, siku zile bandarini Malindi palikuwa na vyombo vya Wahindi. Njia ya kuvuka kwa upepo wa kusi ilikuwa ikijulikana na marubani wengi.

Jina lake liliingizwa na mwandishi wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, miongo mingi baada ya tukio. Yeye alidai kuwa Wareno walimlevya kwanza. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, akaieneza habari hiyo, ikaingia vitabuni, kisha madarasani. Watafiti waliokuja baadaye, kama Tibbetts, waliichunguza na kuiona haina msingi.

Tazama uzito wa uzushi huu. Mwaka 1502 da Gama alichoma moto meli ya mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Damu yote hiyo tunamtwika mzee ambaye shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 906 Hijria (1500), aliyetumia umri wake kuwafikisha watu salama. Na tunamwongezea ulevi!

Suratul Hujurat imetuamrisha tuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo haina mpaka wa miaka 500. Maiti hawezi kujitetea, hivyo heshima yake iko mikononi mwetu. Nawaomba walimu wenzangu na wazazi: mtoto akiuliza habari za Ahmad bin Majid, mwambieni alikuwa mwanachuoni wa bahari, kisha mfundisheni namna mabaharia walivyoitumia nyota ya Jaha.

Wabillahi tawfiq.