Josh Gibson: Mlango Ulifunguliwa Ameshazikwa

Wazee wetu walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kila niusikiapo usemi huu humkumbuka mtu nisiyepata kumwona, ambaye mchezo wake hatuuchezi huku kwetu pwani: marehemu Josh Gibson wa Marekani, mdakaji wa besiboli.

Huenda msomaji akauliza, mdakaji ni nani? Katika mchezo huo mmoja hutupa mpira kwa kasi, na wa upande wa pili husimama na gongo aupige. Nyuma ya mwenye gongo huchutama mdakaji, kavaa kinga ya chuma usoni na nyingine kifuani, aukamate mpira uliokoswa. Ni kazi ya kuumiza magoti na vidole. Gibson aliimudu, na zamu yake ya kushika gongo ilipofika, mpira uliruka hadi nje ya uwanja.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba, 1911 huko Buena Vista, jimbo la Georgia. Baba yake alikwenda Pittsburgh kutafuta kazi ya kiwanda cha chuma, kisha jamaa zake wakamfuata. Mwaka 1930, kijana wa miaka 18, Gibson aliingia timu ya Homestead Grays. Mwaka huo huo mkewe alifariki akijifungua mapacha. Watoto waliishi, wakalelewa upande wa mama yao.

Zama hizo ligi kubwa zilikuwa za Wazungu peke yao. Sheria ya maandishi haikuwapo. Yalikuwa mapatano ya wenye timu. Weusi walikuwa na ligi zao, wakisafiri kwa basi usiku kucha na kukataliwa chakula na malazi njiani. Gibson alichezea Grays na Pittsburgh Crawfords, akaenda pia Jamhuri ya Dominika, Venezuela na Mexico, ambako rangi yake haikumfungia mlango.

Mwaka 1943 alianguka akazimia, ikaelezwa ana uvimbe kichwani. Alikataa kupasuliwa. Na ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa maradhi, kwa kipimo cha nafasi 1,000 za kupiga, alifaulu 466! Lakini afya ilidhoofika na ulevi ukamzidi. Alifariki tarehe 20 Januari, 1947, na umri wa miaka 35. Siku 85 baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson, mtu mweusi, aliingia ligi kubwa, na mapatano yale yakavunjika.

Mwaka 1972 Gibson alitiwa katika Jumba la Mashujaa huko Cooperstown, ilhali kaburi lake halikuwa na jiwe la jina hadi 1975. Mwaka 2024 ligi kubwa zilizikubali hesabu za ligi za weusi, baada ya watafiti kupekua magazeti ya kale mchezo kwa mchezo. Ndipo Gibson, kwa kufaulu mara 372 katika kila 1,000, alipompita Ty Cobb mwenye 367, aliyekuwa wa kwanza kwa miaka mingi.

Chuoni, mwalimu wangu hakuniruhusu kufuta ubao kabla sijayahifadhi yaliyoandikwa. Gibson alifutwa kabla hajasomwa. Nafurahi kwamba leo ameandikwa upya, lakini yeye hakuyaona. Nasi tunao malenga na wachezaji wetu, wengine wamekaa barazani hawaulizwi habari. Tuwaendee na kalamu wangali hai.