Charlot nyumbani: mume, baba na babu aliyependa michezo

Kofia ndogo ya mviringo, sharubu fupi, koti la kubana, suruali pana, viatu vikubwa kupita miguu na fimbo mkononi. Hata mtoto ambaye hajawahi kutazama filamu yake mpaka mwisho anaijua sura hiyo. Kwetu, wanaosema Kifaransa wanamwita Charlot. Jina lake la kweli lilikuwa Charles Chaplin, na alifariki asubuhi ya Noeli, tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 1977, akiwa na miaka 88.

Juu ya sinema zake mengi yameandikwa. Yanayosemwa kidogo ni habari za mtu wa nyumbani, aliyekuwa na bibi, watoto wengi na wajukuu, na ambaye yeye mwenyewe alikulia bila baba.

Alizaliwa London tarehe 16 mwezi wa 4 mwaka 1889. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji, lakini waliachana angali mdogo sana. Baba alishindwa na pombe, akafa mwaka 1901 kabla ya kufikisha miaka 40. Mama, Hannah, alipotewa na sauti, kisha akapotewa na akili. Charles alikuwa na miaka 7 alipoingizwa pamoja na kaka yake Sydney katika nyumba ya maskini ya Lambeth. Akiwa na miaka 14 ni yeye mwenyewe aliyemshika mama mkono kumpeleka hospitali. Mtoto aliyepitia hayo, ukimwona baadaye kwenye sinema akipika kiatu chake na kukila kwa adabu kama nyama ya sikukuu, unaelewa kwamba njaa hakuisoma kitabuni.

Kazi ilimfikisha Marekani mwaka 1910, na mwaka 1914 akavaa ile suruali pana kwa mara ya kwanza. Katika miaka michache akawa kati ya wachezaji wa sinema wanaolipwa pesa nyingi kuliko wote duniani.

Nyumbani haikuwa hivyo. Mtoto wake wa kwanza aliishi siku tatu tu, mwaka 1919. Muda mfupi baada ya msiba huo alianza kutengeneza filamu ya maskini anayeokota mtoto mchanga na kumlea, iliyotoka mwaka 1921 na ambayo mpaka leo inaliza watu. Alioa mara tatu na kuachana mara tatu. Bibi wawili wa kwanza walikuwa na miaka 16 tu alipowaoa. Hilo hatutalificha kwa sababu alikuwa mchekeshaji mkubwa. Mmoja wao alimzalia wavulana wawili, Charles na Sydney.

Mwaka 1943 akamwoa Oona O'Neill. Yeye alikuwa na miaka 54, binti miaka 18. Hata kwetu familia ingeitisha kikao! Baba ya Oona, mwandishi maarufu Eugene O'Neill, alikasirika hivi kwamba hakutaka tena kumwona binti yake mpaka kufa. Wengi walihesabu miezi ndoa hiyo ivunjike. Ikadumu miaka 34, ikaleta watoto wanane: wasichana watano na wavulana watatu. Wa kwanza, Geraldine, alizaliwa mwaka 1944. Kitinda mimba, Christopher, mwaka 1962, baba akiwa na miaka 73.

Mwezi wa 9 mwaka 1952 familia ilipanda meli kwenda London kuonyesha filamu mpya. Wakiwa baharini, serikali ya Marekani, iliyomshuku kuwa mkomunisti, ilimfungia njia ya kurudi. Alikuwa ameishi kule karibu miaka 40. Oona ndiye aliyerudi peke yake kuokoa mali, na baadaye akauacha uraia wake wa Marekani. Mwanzoni mwa 1953 wakahamia nyumba kubwa yenye bustani huko Corsier, karibu na Vevey, nchini Uswisi.

Hapo ndipo mzee akawa kweli mtu wa nyumbani. Mezani aliiga watu, alibadilisha sauti na uso, watoto wakacheka mpaka chakula kikapoa. Kila mwaka sarakasi ya Knie ilipofika Vevey, familia nzima ilikwenda, na yeye alifurahi kama mtoto.

Lakini alikuwa pia baba mkali. Kuchelewa, utovu wa adabu, alama mbaya shuleni, hakuvivumilia. Michael, mvulana wa kwanza wa Oona, aliondoka nyumbani akiwa kijana, na mwaka 1966 akatoa kitabu cha kulalamika. Noeli yenyewe mzee hakuipenda. Wanawe walieleza kwamba ilimkumbusha ile ya umaskini, wakati chungwa moja lilikuwa zawadi kubwa.

Marekani ilimwita tena mwaka 1972 kumpa heshima ya Oscar. Watu walisimama, wakapiga makofi kwa dakika nyingi, naye akalia.

Hata kifo hakikumaliza vituko. Mwezi wa 3 mwaka 1978 fundi wawili wa magari, wakimbizi wasio na pesa, waliiba jeneza lake makaburini na kudai fidia. Oona alikataa kulipa hata senti. Polisi wakategea simu, wakawakamata, na mwezi wa 5 jeneza likapatikana limezikwa katika shamba la mahindi. Safari hii kaburi lilifunikwa kwa saruji.

Oona alimfuata mwaka 1991, wakalala pamoja Corsier. Wajukuu wawili, Aurélia na James Thierrée, watoto wa binti yake Victoria, walikulia katika sarakasi ya wazazi wao. James alikuwa na miaka mitatu tu babu alipofariki. Leo anazunguka dunia akichezea jukwaani maonyesho yake mwenyewe, mara nyingi bila kusema neno.