Ian Donald: Daktari aliyewafungulia wanaotafuta mtoto dirisha la tumboni

MWANAMKE anayetibiwa ugumba hupita mara kadhaa katika chumba cha ultrasaundi kabla ya kujua iwapo atapata mtoto. Kipimo hicho humwonyesha daktari vifuko vya mayai, unene wa utando wa mji wa mimba na, matibabu yakifaulu, mapigo ya moyo wa kijusi kuanzia wiki ya sita hivi.

Aliyefanya kazi kubwa kukiingiza kipimo hicho katika tiba ya wanawake ni Profesa Ian Donald, aliyezaliwa Desemba 27, 1910 huko Cornwall, Uingereza. Alisoma Afrika Kusini kabla ya kurejea kwao na kuhitimu udaktari mwaka 1937.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia Jeshi la Anga, ambako alizifahamu rada na sona. Alitunukiwa nishani kwa ushujaa wa kuwaokoa wanajeshi kutoka katika ndege iliyokuwa ikiungua.

Mwaka 1954 aliteuliwa kuwa profesa wa ukunga Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland. Mwaka uliofuata alipakia ndani ya magari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaupeleka kiwandani Renfrew, kwenye mashine iliyotumika kutafuta nyufa katika vyuma. Mwangwi wa uvimbe mgumu ulitofautiana na ule wa uvimbe wenye maji.

Baadhi ya wenzake walimdhihaki. Hata hivyo, mgonjwa mmoja aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika alipopimwa, mashine ilionyesha uvimbe wa maji katika ovari. Alipasuliwa, akapona. Juni 1958, Donald, Dk. John MacVicar na mhandisi kijana Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet.

Donald alistaafu mwaka 1976, lakini mbegu aliyoipanda Glasgow iliendelea kuzaa. Mwaka 1979 ulichapishwa utafiti uliofanyika huko, ukionyesha kuwa ukuaji wa kifuko cha yai katika picha huenda sambamba na kupanda kwa homoni ya estrojeni. Njia hiyo iliwawezesha madaktari kukifuatilia kifuko cha yai kwa macho na kukadiria siku ya kulivuna yai.

Hata hivyo, picha si hirizi. Utando mwembamba, hasa chini ya milimita 7, hupunguza matumaini, lakini wapo wanaoshika mimba nao. Utando mnene nao si ahadi. Idadi ya vifuko hudokeza mayai mangapi yatapatikana, si ubora wake. Mapigo ya moyo yakionekana hofu ya mimba kuharibika hupungua, ingawa haiishi.

Profesa Donald, aliyesumbuliwa na maradhi ya moyo kwa miaka mingi, alifariki dunia Juni 19, 1987. Aliacha chombo kinachomwambia mwanamke hali yake ilivyo leo. Atakachojaliwa kesho, hakuna mashine inayoweza kukitamka kwa hakika.