Stephanitz: Askari aliyempa mbwa mchungaji nasaba

MBWA mwenye masikio wima na manyoya meusi yaliyochanganyika na hudhurungi si mgeni kwa Wakenya. Huandamana na polisi wanaposaka wahalifu, na hubweka nyuma ya malango ya nyumba nyingi mijini. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kuwa mbwa huyo aitwaye German Shepherd alikusudiwa kuchunga kondoo, na kwamba umbo na tabia yake ni matunda ya juhudi za mtu mmoja.

Mtu huyo ni Max von Stephanitz, aliyezaliwa mjini Dresden, Ujerumani, mnamo Desemba 1864. Alijiunga na kikosi cha askari wapanda farasi, na kuna wakati alihudumu katika chuo cha tiba ya mifugo jijini Berlin. Huko alijifunza jinsi mifupa na misuli ya mnyama inavyoshirikiana anapotembea, elimu ambayo ingemfaa maishani. Aliagana na jeshi 1898 akiwa na cheo cha kapteni, kisha akashughulikia shamba lake la Grafrath, karibu na Munich.

Enzi hizo Ujerumani haikuwa na mbwa mchungaji wa aina moja. Wale wa Thuringia walikuwa na masikio wima na rangi ya kijivu kama mbwamwitu, ilhali wale wa Württemberg walikuwa wakubwa na wenye mifupa mizito. Wachungaji hawakujali sura. Mbwa aliyeshindwa na kazi hakuachiwa kizazi. Chama cha kwanza cha kuwaunganisha wafugaji, Phylax, kilianzishwa 1891 na kusambaratika 1894, huku baadhi ya wanachama wakitaka mbwa wa kazi na wengine wakitaka mbwa wa maonyesho.

Stephanitz alikuwa ameshaamua upande wake. Aprili 3, 1899, akiwa katika maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe pamoja na rafiki yake Artur Meyer, alimwona dume aliyeitwa Hektor Linksrhein. Hakuwa mbwa wa mapambo. Alikuwa na nguvu, utulivu na hamu ya kumtumikia mwenyewe. Stephanitz alimnunua papo hapo na kumpa jina jipya, Horand von Grafrath. Siku 19 baadaye, Aprili 22, chama cha wafugaji wa mbwa hao kikaundwa, Stephanitz akiwa rais, na Horand akaandikwa wa kwanza katika daftari la nasaba.

Daftari hilo ndilo lililoleta mageuzi makubwa kuliko yote. Tangu hapo mnunuzi hakulazimika kutegemea maneno matamu ya muuzaji. Aliweza kujua baba, mama na mababu wa kilebu, yaani mtoto wa mbwa, aliyewekwa mbele yake. Chama kiliteua pia washauri mashinani, waliokagua mama na watoto wake na kumwongoza mfugaji kuhusu idadi ya vilebu ambayo jike angeweza kulea bila kudhoofika. Stephanitz alimthamini mfugaji mdogo mwenye jike mmoja au wawili nyumbani, kwani kilebu aliyekulia miongoni mwa watu huzoea sauti, mikono na shughuli zao. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Viwanda vilipopanuka na malisho kupungua, alitambua kuwa mbwa asiye na kazi angeharibika. Aliihimiza polisi imjaribu mbwa wake, na Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mbwa hao walibeba ujumbe na kuwatafuta majeruhi. Mnamo 1916 shule ya kufunza mbwa wa kuwaongoza wanajeshi waliopofuka vitani ilifunguliwa mjini Oldenburg.

Lakini sifa zilizaa tamaa. Ili kupata mbwa wanaofanana upesi, ndugu wa damu walikuwa wamezalishwa wao kwa wao kwa vizazi kadhaa, na kila kasoro iliyojificha ilipata njia ya kujitokeza. Baada ya vita wanunuzi wa ng'ambo walimiminika, na wafugaji waroho wakazalisha bila kuchagua. Kufikia mapema miaka ya 1920, mbwa wengi walikuwa warefu kupita kiasi na wenye tabia isiyoaminika.

Hapo Stephanitz alifanya uamuzi uliowaudhi wengi. Katika maonyesho makuu ya 1925 aliwapita mbwa warefu waliopendwa na kumtawaza Klodo vom Boxberg, aliyekuwa mfupi na mrefu wa kiwiliwili. Ulikuwa ujumbe kwa kila mfugaji kuwa soko halitaamua mbwa awe nani.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Baada ya Wanazi kutwaa mamlaka 1933, chama alichokijenga kilianza kumponyoka, na 1935 akauacha uongozi. Alifariki Aprili 22, 1936, miaka 37 kamili tangu siku kilipoundwa.

Kazi yake haikukosa dosari. Ugonjwa wa nyonga umewatesa mbwa wa aina hii kwa muda mrefu, na ilibidi wafugaji wa Ujerumani waanze kutoa vyeti vya picha za eksirei katika miaka ya 1960.

Hata hivyo, anayetafuta kilebu leo bado anaweza kufuata njia ya kapteni huyo. Aende kwa mfugaji mwenyewe, amwone mama na kupima utulivu wake, kwa kuwa mama mwoga au mkali ovyo huwarithisha watoto wake. Aulize majina ya wazazi na cheti cha nyonga zao. Asimchukue kilebu kabla hajatimiza wiki nane. Na akikutana na mfugaji anayemhoji kuhusu uwanja wake, muda wake na kazi atakayompa mbwa, asikasirike. Anayeuza bila kuuliza lolote ndiye wa kuogopwa.