Flo Hyman: Nyota wa mpira wa wavu aliyefia benchi Japani

Waliokuwa ukumbini katika mji wa Matsue, Japani, usiku wa Ijumaa, Januari 24, 1986, waliona jambo la kawaida kabisa. Mchezaji mrefu wa timu ya Daiei alibadilishwa, akaenda kukaa benchi na kuendelea kuwashangilia wenzake. Muda mfupi baadaye akaporomoka sakafuni. Alikuwa Flo Hyman, Mmarekani mwenye umri wa miaka 31, na hakuamka tena.

Kwa wapenzi wa mpira wa wavu wa wanawake, hakuna jina la Kimarekani lililovuma kama lake enzi zile. Alizaliwa mwaka 1954 na kukulia Inglewood, California, katika familia ya watoto wanane. Akiwa na miaka 12 tayari alikuwa na urefu wa futi sita, na urefu huo ulimpa aibu kabla ya kumpa sifa. Wenzake shuleni walimtania, naye akawa anatembea amejiinamia. Wazazi wake, nao warefu, ndio waliomfundisha kusimama wima. Alipoacha kukua alikuwa amefika sentimita 196.

Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyozuia vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwabagua wanawake. Hyman alikuwa miongoni mwa waliofaidika mapema. Chuo Kikuu cha Houston kilimpa ufadhili wa michezo, wa kwanza kupewa mwanamke chuoni hapo. Lakini timu ya taifa ilimwita, naye akaacha masomo kwa hesabu kwamba shule inasubiri na miguu haisubiri.

Timu yenyewe ilikuwa na safari ya taabu. Ilishindwa kufuzu Olimpiki ya 1976. Ilipofuzu ile ya Moscow mwaka 1980, Rais Jimmy Carter aliamua nchi yake isusie, kama ilivyosusia Kenya, kupinga majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Wasichana waliojifua kwa miaka mitano wakabaki nyumbani. Wengi wangetundika viatu, ila Hyman alibaki. Mwaka 1982 wakachukua shaba ya dunia nchini Peru, na mwaka 1984, mbele ya watu wao huko California, wakafika fainali ya Olimpiki. China iliwafunga seti tatu kwa bila. Hata hivyo fedha ile ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Marekani katika mpira wa wavu wa wanawake.

Baada ya hapo akaenda Japani, na hilo si ajabu. Katika taifa lile la visiwa ligi ya wanawake ilikuwa jambo kubwa, timu zikimilikiwa na makampuni. Daiei ilikuwa kampuni ya maduka makubwa, na usiku ule ilikuwa ikicheza na Hitachi. Nyumbani Hyman asingepata mshahara wa namna hiyo kwa kucheza wavu.

Kwanza ilidhaniwa moyo umesimama tu. Familia haikuridhika, ikaomba mwili uchunguzwe upya Marekani. Daktari alikuta mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni umepasuka, na hapo hapo pakiwa na alama ya mpasuko wa awali ulioanza kupona. Ulikuwa ugonjwa wa Marfan.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Marfan ni hitilafu ya kurithi inayodhoofisha tishu zinazoshikilia viungo vya mwili, na humpata takriban mtu mmoja kati ya 5,000. Mwenye nayo mara nyingi ni mrefu na mwembamba, ana mikono na vidole virefu, pengine mgongo uliopinda au macho yasiyoona mbali. Hizo ndizo sifa ambazo makocha wa wavu na kikapu huzitafuta kwa tochi! Si kila mrefu ni mgonjwa, bila shaka. Lakini ndani, mshipa ule hutanuka polepole bila maumivu, na mazoezi makali huuongezea mzigo. Ukigunduliwa mapema kwa kipimo cha moyo cha eko, zipo dawa za kupunguza shinikizo la damu, na upasuaji wa kubadilisha sehemu iliyotanuka. Hyman alicheza kimataifa miaka zaidi ya kumi, na hakuna aliyemwambia kitu.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake alikwenda Washington kudai sheria ya usawa michezoni ipewe nguvu zaidi. Kuanzia 1987 tuzo ya wanamichezo wanawake ilitolewa kwa jina lake.

Baada ya mazishi, ndugu zake walipimwa. Kaka mmoja alikutwa na tatizo lile lile. Alifanyiwa upasuaji wa moyo, akapona.