Habari za Michael Grzimek, Aliyezikwa Ngorongoro

Kila aendaye Ngorongoro akitokea kwetu Karatu, akiisha kupita lango la Loduare na kuupanda msitu mpaka ukingoni mwa kreta, huona kando ya barabara mawe yaliyojengwa mfano wa piramidi. Darasa letu lilifika hapo muhula huu asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito hata kreta yenyewe hatukuiona. Basi kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, tulilitazama kaburi. Hapo amelala Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani mpiga picha, pamoja na baba yake, Bernhard. Niliporudi shuleni nilimsumbua mwalimu wetu wa Jiografia mpaka akanipa vitabu, na haya ninayowaandikia ndiyo niliyoyapata.

Michael alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake alikuwa daktari wa wanyama, na vita vilipokwisha mwaka 1945 alipewa kazi ya kuisimamia bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Kwa hiyo mtoto huyu alikua akiwaona tembo na simba kama sisi tunavyoona mbuzi. Alipenda kamera tangu ujana. Alikwenda Kongo pamoja na baba yake, akapiga picha za sinema iliyoonyesha jinsi wanyama wa porini wanavyokosa mahali pa kukaa, na mwaka 1956 sinema hiyo ikapata tuzo katika tamasha la Berlin. Wakati huo alikuwa na miaka 22 tu.

Sinema ile iliwaletea fedha, nao baba na mwana wakataka kuzitumia kununua ardhi ili hifadhi ya Serengeti ipanuliwe. Bwana Peter Molloy, aliyekuwa mkuu wa hifadhi za Tanganyika, aliwashauri jambo jingine. Siku zile Ngorongoro ilikuwa ndani ya hifadhi ya Serengeti, na Serikali ya kikoloni ilikuwa ikifikiri kuigawa. Lakini hapakuwa na mtu aliyejua hesabu ya wanyama wala njia wanazopita mwaka mzima. Ingefaa zaidi, aliwaambia, wawahesabu.

Wakajifunza urubani wote wawili. Wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier, wakaipaka milia kama punda milia, na mwezi Desemba 1957 wakaiendesha wenyewe kutoka Ujerumani mpaka Tanganyika. Herufi zilizoandikwa ubavuni mwake zilikuwa D-ENTE, na kwa Kijerumani *Ente* ni bata. Bata mwenye milia! Hapo niliposoma nilicheka peke yangu maktabani.

Mwanzoni mwa mwaka 1958 waliruka chini chini juu ya mbuga, wakienda na kurudi kama mkulima anayelima matuta, huku wakihesabu. Walipata wanyama 366,980, na kati yao nyumbu walikuwa 99,481. Siku hizi nyumbu ni zaidi ya milioni moja, maana ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa wa sotoka ulitoweka hata porini, na nyumbu wakaongezeka sana. Wanyama wengine waliwakamata na kuwatia alama, ili wapate kuwafuata kwa ndege na kujua wanakokwenda. Na siku zote hizo Michael alikuwa akipiga picha za sinema yake ya pili, iliyosema kwamba Serengeti haifai kufa.

Hakuiona ikimalizika. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa akiruka peke yake, na tai mla mizoga akagonga bawa la ndege. Ndege ikaanguka, naye akafa palepale. Alikuwa na miaka 24, na alikuwa na mke. Baba yake alimzika ukingoni mwa kreta, kisha akarudi kuimaliza sinema na kuandika kitabu. Nashindwa kufahamu alivyoweza kukaa akizitazama picha zile mkanda baada ya mkanda, akijua ni jicho la mwanawe lililoziona. Mwaka 1960 sinema hiyo ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani. Mzee alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa hapa.

Mwalimu alituonyesha sinema hiyo bwaloni. Picha za mbuga kutoka angani ni nzuri ajabu. Lakini mimi nilikuwa nikiwatafuta watu. Wamasai wamo, ila nyumbu wana nafasi kubwa zaidi, na ndivyo walivyoamini wenye sinema, kwamba katika hifadhi pasikae watu wala ng'ombe wao. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai waliukubali mkataba wa kuhama Serengeti, na mwaka 1959 mipaka ikakatwa, ijapokuwa akina Grzimek walisema haifuati njia za wanyama. Ngorongoro ikawa eneo la peke yake, ambamo watu na wanyama wangekaa pamoja. Tangu mwaka 2022 jamaa kadhaa wamehamia Msomera, wilaya ya Handeni, na wengine wangali Ngorongoro. Mimi simlaumu kijana aliyetoa maisha yake kwa kazi aliyoipenda. Nasema tu kwamba nyumbu alihesabiwa hata wa mwisho, na ningependa kuzijua sura za watu wale waliosimama pembeni ya picha.

Labda nafikiri hivi kwa sababu ya mambo yangu mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nikichunga ng'ombe kando ya barabara kuu, magari ya wageni yalisimama mara nyingi, vioo vikashushwa, nikapigwa picha. Huenda niko katika nyumba nyingi za Ulaya, nimeshika fimbo, kamasi puani. Sijaona hata picha moja.

Siku ile kaburini ukungu ulipoanza kupungua, mwalimu alitupanga mbele ya mawe akatupiga picha kwa simu yake. Imebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi ya walimu, na chini yake tumeandika majina ya wote, pamoja na la dereva wa basi.