HAKI YA ALIYEANDIKA NA HAKI YA WALIOANDIKWA

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii twaitamka kwa wepesi tunapomsema jirani, lakini huwa nzito tunapopima maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, hasa ikiwa mtu huyo alikuja kwetu akiwa na dawa mkononi na bunduki za serikali ya kigeni nyuma yake. Mtu wa namna hiyo alikuwa Daktari Friedrich Fülleborn. Wataalamu wa minyoo ulimwenguni kote wanamjua. Kule Kyela, Matema na Mwaya, wachache mno hulisikia jina lake.

Alizaliwa mwaka 1866 katika mji wa Kulm, uliokuwa wakati huo chini ya Prussia na sasa umo Poland. Alisomea udaktari na elimu ya viumbe, na mwaka 1896 akaja huku kwetu kuwa mganga wa jeshi la Wadachi. Kituo chake kikuu kilikuwa Langenburg, kilichojengwa mwaka 1893 katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, mahali paitwapo Lumbila, chini ya Milima ya Livingstone. Baadaye makao hayo ya serikali yalihamishiwa Tukuyu, palipopewa jina la Langenburg Mpya.

Atakaye kujua jinsi mahali hapo palivyokuwa pagumu, na akumbuke kwamba Walter Goetze, mtaalamu wa mimea aliyekuwa katika msafara mmoja wa utafiti na daktari wetu, alifia Langenburg mwaka 1899 akiwa hajafika umri wa miaka 30. Fülleborn alipona. Kazi yake ya kutibu askari haikumtosha: alikusanya samaki, ndege, wadudu, hata vijimea vya ziwani visivyoonekana ila kwa hadubini, akavifungasha na kuvipeleka Berlin. Mwaka 1906 alitoa kitabu kikubwa, chenye kurasa zaidi ya 600 na picha nyingi, juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma na watu wake. Kwa mtu anayetaka kujua Wanyakyusa, Wakinga na Wangoni walivyoishi siku zile, kitabu hicho ni ghala mpaka leo.

Mwaka 1901 aliingia katika chuo cha magonjwa ya mabaharia na ya nchi za joto, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka mmoja kabla katika bandari ya Hamburg. Huko alidumu mpaka mwisho wa maisha yake, isipokuwa safari chache, mojawapo ikiwa ya visiwa vya Bahari ya Kusini, ambayo aliiongoza mwaka 1908 na 1909. Mwaka 1930 alifanywa mkuu wa chuo, akafariki mwaka 1933.

Tukiuliza alilowafaa wanadamu, yako mambo mawili makubwa. La kwanza ni njia ya mnyoo wa safura mwilini. Mtaalamu mwingine, Arthur Looss wa Cairo, alikuwa amekwisha kuona kwamba vijidudu vya safura hupenya ngozi ya mtu. Fülleborn alifuata safari hiyo hatua kwa hatua kwa kuchunguza wanyama, akatoa habari zake mwaka 1914: kutoka ngozini huingia katika damu, kutoka damu hufika mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hukaa tumboni na kunyonya damu. Mzazi anayemkataza mtoto kutembea pekupeku katika udongo wenye unyevu, na anayechimba choo badala ya kwenda migombani, anaitumia elimu hiyo hata kama hakupata kusikia ilikotoka.

La pili ni jambo la chumvi. Mayai ya minyoo yakiwa machache ni shida kuyaona kwa hadubini. Mwaka 1920 Fülleborn alieleza njia rahisi: choo cha mgonjwa kikorogwe katika maji yaliyokolea chumvi kabisa, na baada ya muda mayai mengi huelea juu, yakachukuliwa na kutazamwa. Haihitaji mtambo wa fedha nyingi. Yatosha chumvi ya jikoni, kikombe na subira. Katika nchi nyingi za Ulaya ya Mashariki matabibu wa wanyama bado huiita njia hiyo kwa jina lake.

Siku hizi wataalamu hupimana kwa idadi ya maandishi yao, na kwa mara ngapi wengine wameyataja. Fahirisi kubwa ya kuhesabu mambo hayo ilianza kutolewa Marekani mwaka 1964, miaka 31 baada ya Fülleborn kuzikwa. Tena aliandika kwa Kijerumani, zaidi katika jarida la chuo chake. Kwa hiyo hesabu hiyo haimpi kipimo chake kamili. Elimu yake imeingia katika vitabu vya shule, na jambo likiisha kuwa la wote, hakuna anayemtaja aliyelianza.

Lakini kuna daftari jingine lililomtunza, nalo ni majina ya viumbe. Mnyoo mmoja wa nyani, uwapatao na watu, uliitwa kwa jina lake mwaka 1905. Ndege kadhaa wa nyanda zetu za juu za kusini walipewa jina lake mwaka 1900. Na samaki mmoja wa mawe ya Ziwa Nyasa, wa jamii ya mbuna, aliitwa kwa jina lake mwaka 1926. Leo anafugwa katika matangi ya vioo nyumbani mwa watu, Ulaya na Marekani.

Hapa ndipo methali yetu inapotudai nusu ya pili. Samaki hao hawakujivua wenyewe, wala masanduku hayakujipeleka pwani. Wako wavuvi waliojua mwamba upi una samaki gani, wapagazi waliobeba, na watu walioeleza mila zao kwa mgeni. Majina ya kitaalamu yanamtaja daktari, hayamtaji mvuvi. Tena Fülleborn hakupima samaki peke yao. Alipima miili ya watu wa kaskazini ya Nyasa, akawapiga picha, na mwaka 1902 akachapisha vipimo hivyo. Katika nchi iliyotawaliwa kwa nguvu, ni nani angalithubutu kumkatalia mganga wa jeshi? Ilikuwa pia desturi ya zama zile kupeleka Berlin mafuvu ya wafu wa Afrika. Mwaka 2023 makumbusho ya mji huo ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na kama 200 kati yake ni ya Tanzania. Wafu hao nao walikuwa baba na mama za watu.

Kwa hiyo hatumtukuzi Fülleborn kupita kiasi, wala hatumfukii. Twasema alifanya kazi njema na minyoo, na hakuwapa haki yao watu aliowapima.

La kufurahisha ni kwamba Kyela imeingia tena katika maandishi ya dunia, safari hii kwa namna nyingine. Tangu 2006 hadi 2011 watu wa wilaya hiyo walifuatwa mwaka hata mwaka, na mwaka 2016 jarida la Uingereza liitwalo The Lancet lilichapisha matokeo: wenye minyoo ya matende walipata virusi vya UKIMWI takriban mara mbili kuliko wasio nayo. Watu hao waliombwa ridhaa kwanza, na kati ya walioandika wamo Watanzania.

Wazazi mnaosoma ukurasa huu, mwana wenu apendaye kuchungua wadudu na samaki msimcheke. Mnunulieni daftari. Tena mfundisheni mapema kwamba kila aliyemwonyesha njia, awe mvuvi au mpagazi, yampasa kuandikwa humo kwa jina lake.